Gigahezi 5.0 kwenye chumba cha nyuzi 32: punguza volti kwanza

Swali: Mtaalamu, niko Mombasa, nahariri video za harusi na kutengeneza michoro ya Blender. Nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Core i7-8700K, madabodi ya Z370 na kipoza cha mnara chenye feni moja ya milimita 120. Nilifuata maelekezo ya video moja nikaweka viini vyote gigahezi 5.0 kwa volti 1.40. Kwenye michezo iko sawa, ila nikirenda (kuitoa video au mchoro kamili) inagonga nyuzi 100, kasi inashuka, na mara nyingine inaleta skrini ya bluu. Chumba changu mchana kina nyuzi 32. Niongeze volti kidogo, au ninunue kipoza cha maji? Na hiyo 1.40 inaua prosesa?

Jibu: Kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo mawili. Ukiongeza volti unaongeza joto ambalo tayari limekushinda, na kipoza cha maji kwenye prosesa hii kitakusaidia kidogo kuliko bei yake, nitaeleza kwa nini. Anza kwa kushuka. Weka viini vyote 4.8, volti karibu 1.26, kisha upime upya. Najua 5.0 ni namba tamu, na pengine ndiyo iliyokufanya ufungue BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya madabodi, lakini twende kwa hesabu uone hizo 0.2 za juu zinakula nini.

Umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda na mraba wake. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Chukua 4.8 kwa volti 1.26 uilinganishe na 5.0 kwa 1.40. Gawanya 1.26 kwa 1.40, unapata 0.9, mraba wake ni 0.81. Zidisha kwa uwiano wa kasi, yaani 4.8 kwa 5.0, ambao ni 0.96. Jibu ni 0.78. Unaachia asilimia 4 ya kasi, unapunguza asilimia 22 ya umeme, na karibu umeme wote ule hugeuka joto. Tena hapo sijagusa umeme unaovuja kupitia transista hata zisipofanya kazi, ambao nao huongezeka volti na joto vikipanda. Kwa hiyo faida halisi ni kubwa kidogo kuliko hiyo 22.

Sasa muda. Kiwandani 8700K hutangazwa kuwa na kasi ya juu ya 4.7, lakini hiyo ni ya kiini kimoja. Viini vyote sita vikifanya kazi pamoja, kiwango cha Intel ni 4.3. Kazi ya kurenda inayochukua saa nzima kwenye 4.3 itachukua kama dakika 54 kwenye 4.8, na kama dakika 52 kwenye 5.0. Hizo 52 ni kama 5.0 ingeshikilia, na kwako haishikilii. Prosesa ikifika nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, basi huenda wastani wako halisi tayari uko chini ya 4.8. Hili ni rahisi kulithibitisha. Fungua HWiNFO64, programu ya kusoma joto, kasi na volti, renda nusu saa, kisha usisome safu ya kasi ya juu. Soma safu ya wastani. Angalia pia muda wa kila fremu kwenye Blender. Ukiona fremu ya ishirini inachukua muda mrefu kuliko ya kwanza wakati mandhari ni ileile, basi 5.0 yako imebaki jina tu.

Kabla ya kwenda mbali, kagua jambo moja. Madabodi nyingi za Z370 zina mpangilio unaolazimisha viini vyote vikimbie 4.7 hata kabla hujagusa kitu, na wauzaji wa mitumba wengi huuacha umewashwa. Kama ndivyo, mwanzo wako haukuwa 4.3, ulikuwa 4.7 yenye volti ambazo madabodi ilijipangia, na kwa kawaida madabodi haioni haya kuzizidisha. Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, zima mpangilio huo, renda mradi uleule, na uandike joto na muda. Bila kipimo hicho cha mwanzo hutajua kama mabadiliko yako yana faida yoyote.

Tuje kwenye chumba chako, maana hapa ndipo video za watu wa nchi za baridi zinapowaponza watu wa pwani. Kipoza cha hewa hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kinachoweza kufanya ni kupunguza pengo kati ya prosesa na hewa hiyo. Mtu mwenye chumba cha nyuzi 20 akikuambia 5.0 yake inakaa nyuzi 86, ana pengo la 66. Chukua mashine yake ileile uilete kwako kwenye 32, inasoma 98. Hakukudanganya, na kipoza chako hakina kasoro. Zile nyuzi 12 ni za hewa ya Mombasa.

Kwa hesabu hiyohiyo tunaweza kukadiria utakachopata. Kwa sasa pengo lako ni angalau 68, kutoka 32 hadi 100. Nasema angalau kwa sababu prosesa inajizuia. Ikiachiwa ingepita hapo. Ukipunguza umeme kwa asilimia 22, pengo la 68 linakuwa 53, na joto linakuwa 85. Kwa vile pengo halisi ni kubwa kuliko 68, usishangae ukiona 87 au 88. Lengo ambalo mimi ningekupa kwa kurenda mchana ni 85 au chini yake, ili Machi chumba kikiongezeka nyuzi mbili tatu ubaki na nafasi.

Kuhusu kipoza cha maji. Ndani ya prosesa, kipande chenyewe cha silikoni kimefunikwa na kifuniko cha chuma, na kati ya hivyo viwili lazima kuwe na kitu cha kupitisha joto. Kwenye kizazi cha Sandy Bridge cha 2011 Intel ililehemu kifuniko hicho juu ya silikoni. Kuanzia Ivy Bridge mwaka 2012 ikatumia pesti, na 8700K ya Oktoba 2017 ina pesti hiyo. Lehemu ilirudi na kizazi cha 9 mwaka 2018, kwenye prosesa kama 9900K. Pesti inapitisha joto vibaya sana kuliko lehemu, kwa hiyo kwenye chipu yako joto linakwama chini ya kifuniko kabla hata halijafika kwenye kipoza. Kuweka kipoza cha bei juu yake ni sawa na kufungua madirisha yote ya sebule wakati moshi uko jikoni na mlango wa jikoni umefungwa. Utapata nafuu, ndiyo, lakini si ya pesa uliyotoa.

Wapo wanaobandua kifuniko na kuweka metali ya kimiminika badala ya pesti, na kwenye 8700K tofauti huwa kubwa, mara nyingi zaidi ya nyuzi 10. Sikushauri uanze na hilo. Metali hiyo ina galiamu, inapitisha umeme, tone moja likidondoka pembeni linaunganisha visivyounganishwa. Na ikigusa alumini inaila. Kama siku moja utataka, tafuta fundi mwenye kifaa cha kubandulia, siyo mwenye wembe. Na kwa kuwa mashine ni ya mtumba, muulize aliyekuuzia kama kifuniko kimeshawahi kubanduliwa. Ukiona pembeni mwa kifuniko kuna gundi ya silikoni iliyotokeza au kifuniko kimekaa upande, jibu unalo.

Cha bei rahisi ambacho ungefanya leo ni hiki: fungua ubavu wa kasha, renda dakika kumi na tano, linganisha na ulivyopima ubavu ukiwa umefungwa. Joto likishuka zaidi ya nyuzi 5, kasha lako linabanwa pumzi, na tatizo liko kwenye feni za mbele, vumbi la kwenye chujio, au mahali ulipoliweka. Kompyuta iliyosukumwa ndani ya kabati la meza hupumua hewa yake yenyewe iliyokwisha kuchemka. Isogeze, ipe angalau upana wa kiganja nyuma na mbele. Feni ya dari haishushi joto la hewa, lakini inasaidia kuondoa hewa moto iliyotulia nyuma ya kasha. Wakati uko humo, toa kipoza, futa pesti ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, na ukaze skrubu kwa mshazari kidogo kidogo. Pesti ya mashine ya mtumba mara nyingi imekauka.

Sasa skrini ya bluu. Watu wengi wakiiona wanakimbilia kuongeza volti, na kwa chumba baridi huenda wakawa sahihi. Lakini transista zikiwa moto sana huchelewa, na ishara isipofika kwa wakati prosesa inakosea. Kwa maneno mengine, kwenye nyuzi 100 chipu yako inadai volti nyingi kuliko ambazo ingedai kwenye 80. Unaongeza volti, inachemka, inadai tena. Ukienda upande wa pili, mzunguko huohuo unakufaa: punguza volti, ipoe, na ikishapoa inaridhika na kidogo. Skrini ikileta WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, hiyo kwa kawaida ni prosesa inalilia volti kwa kasi uliyoipa. Ikileta makosa ya kumbukumbu yanayobadilikabadilika, shuku RAM. Ndiyo maana nataka uanze na XMP, mpangilio wa kupandisha kasi ya RAM, ikiwa imezimwa, RAM ikimbie kasi yake ya msingi. Tukishamaliza prosesa, washa XMP na upime upya. Usipandishe vitu viwili kwa pamoja. Kikigoma hutajua ni kipi.

Kwenye BIOS, weka kizidishio cha viini vyote 48 na saa ya msingi iache 100 (48 mara 100 ni megahezi 4800, yaani gigahezi 4.8). Volti ya viini iweke isiyobadilika kwa muda, 1.26. Usiiache kwenye otomatiki hata siku moja ukiwa umepandisha kasi, kwa sababu madabodi hukisia, na hukisia kwa juu ili isilaumiwe mashine ikigoma.

Halafu kuna mpangilio uitwao Load-Line Calibration, ambao video nyingi huupita kwa sekunde tatu na kusema weka wa juu kabisa. Hapa nataka utulie. Prosesa ikibebeshwa mzigo, mkondo unaongezeka ghafla na volti inashuka chini ya ulichoandika. Ukiandika 1.30, chini ya mzigo unaweza kusoma 1.22. Kushuka huko kumepangwa na wahandisi kwa makusudi: mzigo ukiondoka ghafla volti huruka juu kwa muda mfupi sana, na ile nafasi iliyoachwa chini ndiyo inayoumeza mruko huo usipite kikomo. Load-Line Calibration huzuia kushuka. Ukiweka ya juu kabisa, volti inakaa imara kwenye HWiNFO na inapendeza machoni, lakini ile miruko ya sehemu ndogo za sekunde, ambayo programu haiwezi kuiona, inapita juu ya namba uliyoandika. Chagua ya katikati na ukubali kushuka kidogo. Na uangalie madabodi yako ni ya nani: kwa ASUS namba kubwa ndiyo kali, kwa ASRock na MSI ni kinyume, namba 1 ndiyo kali kuliko zote. Kuna watu wameweka 1 kwenye MSI wakidhani wanajilinda.

Volti ninayokuambia uihesabu, basi, si ile ya kuandika kwenye BIOS. Ni ile unayoisoma wakati mashine inarenda.

AVX Offset iache sifuri. Ni mpangilio unaoshusha kasi pale programu inapotumia maagizo mazito ya AVX, na Blender huyatumia, kwa hiyo ukiweka 5.0 na kupunguza 2 utakuwa unarenda kwa 4.8 vilevile, huku volti zako zikiwa za 5.0. Panga kasi kwa kazi yako nzito zaidi, basi.

Kitu kimoja ambacho watu wa vyumba vya baridi hawakihitaji na wewe unakihitaji ni kikomo cha wati. Intel iliipa prosesa hii kiwango cha wati 95 kwa kazi ya muda mrefu, lakini madabodi nyingi huondoa kikomo hicho kabisa. Renda kwenye 4.8, soma wati za prosesa kwenye HWiNFO, kisha weka kikomo cha muda mrefu juu kidogo ya hapo, wati 5 hadi 10. Siku programu ngeni imekuja na mzigo wa ajabu, prosesa itashuka kasi taratibu kabla ya kufika 100.

Kupima: anza na Cinebench R23, programu ya kupima prosesa, kwa dakika kumi, hiyo inaonyesha haraka kama namba zako hazifai kabisa. Ikipita, renda mradi wako halisi saa nzima mchana, chumba kikiwa na joto lake. Kupima usiku wa manane feni ikivuma ni kujidanganya. Ukitaka Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa mzigo mzito, zima AVX kwenye dirisha lake la mwanzo. Ikiwa na AVX hutoa joto ambalo hakuna harusi wala mchoro utakaolitoa, na kwenye chumba chako itakukatisha tamaa bure. Mashine ikigoma, ongeza 0.01 na urudie. Isipogoma, punguza 0.01 na urudie, mpaka ipate kikomo, halafu rudi juu 0.02.

Kutogoma peke yake hakutoshi. Teremka chini kabisa kwenye HWiNFO, kuna mstari wa makosa ya WHEA; Windows nayo huyaandika kwenye kumbukumbu za mfumo chini ya WHEA-Logger, namba 19. Hayo ni makosa ambayo prosesa ilifanya ikayasahihisha yenyewe bila kukuambia. Namba hiyo ikiwa 1 baada ya saa nzima, volti hazitoshi, hata kama hujaona skrini ya bluu. Wewe unashika harusi za watu. Kosa lisilosahihishwa linaweza kuingia kwenye faili la video, na bibi harusi hawezi kurudia kuingia ukumbini kwa ajili yako. Lichukulie sifuri kuwa ndiyo jibu pekee linalokubalika.

Kila kitu kikishatulia, badilisha volti kutoka isiyobadilika kwenda Adaptive, na acha mipangilio ya kupumzisha prosesa ikiwa imewashwa. Mashine ikikaa bure ishuke kasi na volti. Hakuna sababu ya kuibeba 1.26 mchana kutwa wakati unajibu meseji. Ukishabadilisha, soma tena volti ya mzigoni, kwa sababu madabodi nyingine huongeza kidogo kwenye hali hiyo.

Uliniuliza pia kwa ufupi kama 1.40 inaua prosesa. Si kwa wiki moja. Inachofanya ni kuichosha, na joto linaharakisha. Ndani ya chipu mkondo mkali husukuma atomi za waya za chuma kutoka mahali pake polepole. James R. Black wa Motorola aliliweka jambo hili kwenye mlinganyo mwaka 1969: uhai wa waya hupungua kadiri mkondo unavyobanana, na joto hulifanya kuwa baya zaidi kwa kasi kubwa. Kwa prosesa za nanomita 14 kama yako, ningeweka mpaka wa kazi za kila siku kwenye 1.35 ukiwa na joto zuri, na kwa chumba chako nisingependa kuona zaidi ya 1.30 wakati wa kurenda. Usidanganyike na hati za Intel zinazotaja hadi 1.52. Huo ni upeo wa namba ambazo prosesa inaweza kuomba. Haimaanishi unaweza kuishi hapo.

Wanaodhani haya ni ya nadharia tu waangalie yaliyotokea 2024. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinagoma mikononi mwa watu ambao hawakupandisha chochote. Intel ilieleza kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volti za juu kupita kiasi, na matokeo yake ni kwamba volti ya chini kabisa inayohitajika ili zifanye kazi ikawa imepanda. Agosti mwaka huo ikatoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 iliyoziba maombi ya volti kwenye 1.55, na ikaongeza waranti kwa miaka 2. Ile iliyokwisha kuchoka haikuponywa na maikrokodi.

Dalili ni hiyohiyo utakayoiona kwako ikiwa aliyekutangulia aliitesa chipu hii: kasi ambayo zamani ilikubali kwa volti fulani, sasa inadai zaidi. Kwa hiyo ukikuta 4.8 inataka kupita 1.30 ili itulie, shuka 4.7. Chipu hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja, na huenda yako ni ya upande wa chini tangu mwanzo. Ikigoma kwenye 4.7 kwa 1.30, na RAM uliyoipima peke yake ni nzima, acha kupandisha kasi. Irudishe kwenye 4.3 ya kiwandani, halafu jaribu kupunguza volti kutoka hapo kwa 0.02 kila mara. Kwenye 4.3 nyingi zinatulia chini ya 1.20, na kipoza chako hichohicho cha mnara kitaibeba mchana kutwa bila kelele.

Ukikosea namba na mashine ikakataa kuwaka, usiogope. Chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 kwenye madabodi dakika chache, irudishe, BIOS itaanza upya. Piga picha za kurasa zote za mipangilio kwa simu kabla hujaanza. Na kama kompyuta yako ina kadi ya picha ya maana, ingia kwenye mipangilio ya Cycles, injini ya kurenda ya Blender, uone kama Blender inaitumia. Wengi wanatesa prosesa usiku kucha kwa kazi ambayo kadi ingeimaliza kabla chai haijapoa, na ukikuta kuwasha kadi tu ndiko kulikokuwa kunakosekana, 4.5 kwa volti ndogo itakutosha kwa uhariri wote uliobaki.